Mdomo Umefunikwa, Miguu Inasema

Ndani ya kofia ngumu ya kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, kuna kispika kidogo karibu na sikio. Kocha aliye pembeni ya uwanja, au aliyeketi juu kabisa kwenye chumba cha vioo, hubonyeza kitufe na kumtajia shambulio linalofuata: nani akimbie, nani azuie, nani apokee. Sauti hiyo haidumu. Shambulio moja likiisha, saa ya uwanjani huanza kuhesabu sekunde 40 kurudi nyuma, na zikibaki 15 redio inakatwa. Kuanzia hapo kijana amebaki na macho yake, kumbukumbu yake na kelele za maelfu ya watu.

Siri hii ina historia ndefu. NFL, ligi kuu ya mchezo huo, iliruhusu redio za kwenye kofia mwaka 1994, lakini wazo lenyewe lilikuwa limeshazeeka. Paul Brown, kocha ambaye Cleveland Browns wamebeba jina lake, alilijaribu mwaka 1956, na kamishna Bert Bell akalipiga marufuku kabla msimu haujaisha. Kwa miaka mingi Brown alituma wachezaji kama matarishi: mmoja anaingia na ujumbe, mwenzake anatoka. Na lile duara la wachezaji wanaoinamiana na kunong'ona kabla ya shambulio husimuliwa kuwa lilizaliwa katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, miaka ya 1890. Kwotabeki wao, Paul Hubbard, alitoa maelekezo kwa lugha ya alama. Walipokutana na timu nyingine ya viziwi, mikono yake ilisomeka kama bango la barabarani. Basi akawakusanya wenzake wamzunguke, mikono ikafichika.

Hofu hiyo ipo mpaka leo. Kamera ikimwendea kocha anayetaja mashambulizi, atakuwa ameshika karatasi ngumu iliyopigwa plastiki, pana kama menyu ya hotelini, imejaa visanduku vya rangi na maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Mashambulizi ya yadi chache yako huku, ya kumalizia karibu na lango kule, ya dakika 2 za mwisho nyuma. Na kila anapofungua kinywa, karatasi inapanda mpaka puani, asije mtu wa upande wa pili akamsoma midomo.

Na bado anasomwa.

Kwa msikilizaji aliyelelewa na kandanda, tofauti moja inatosha kuufungua mchezo huu. Kandanda hutiririka, mpira unapotea, unarudi, na kocha anapiga kelele zisizosikika. Futiboli ya Kimarekani husimama. Shambulio huchukua sekunde chache tu, filimbi inalia, wanaume 22 wanajipanga upya. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kuusogeza yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapewa mengine 4. Katika mechi moja timu hufika majaribio 60 hivi, na kila moja ni uamuzi unaoweza kuandikwa. Mpira ulikimbizwa au ulirushwa? Kulia au kushoto? Wapokeaji wangapi walisimama upande upi? Lilikuwa jaribio la ngapi, na yadi ngapi zilibaki? Mechi 10 ni mistari 600 kwenye daftari la mpinzani. Hakuna binadamu anayeweza kuamua jambo mara 600 bila kuacha nyayo.

Ndiyo maana kila klabu ina wasaidizi wanaolala na video. Wiki nzima wanamsoma mpinzani, kisha wale makini wanageuza kamera na kujipeleleza wenyewe: sisi tukipanga watu watatu kushoto, mpira huenda wapi? Swali hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu jibu lake huuma.

Timu moja iliumwa hadharani, San Diego, tarehe 26 Januari 2003, katika fainali ya Super Bowl ya 37. Oakland Raiders walifika wakiwa na ushambuliaji wa kutisha. Kwotabeki wao, Rich Gannon, alikuwa amerusha mpira jumla ya yadi 4,689 msimu ule na kutangazwa mchezaji bora wa ligi. Upande wa pili walikuwa Tampa Bay Buccaneers, na kocha wao alikuwa Jon Gruden. Huyu Gruden ndiye aliyewafundisha Raiders misimu minne iliyotangulia. Mwezi Februari 2002 klabu hizo zilifanya biashara isiyo ya kawaida: Tampa walitoa dola milioni 8 pamoja na nafasi 4 za kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, mbili za duru ya kwanza na mbili za duru ya pili, wakapewa kocha. Raiders wakampandisha Bill Callahan, aliyekuwa msaidizi wake, na ushambuliaji ukaendelea na sehemu kubwa ya mipango ileile na maneno yaleyale.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki ya fainali Gruden hakutosheka kuchora ubaoni. Aliingia mwenyewe uwanjani mazoezini, akasimama nafasi ya kwotabeki, akajifanya Gannon: anavyotembea mstarini, anavyopaza sauti, anavyotazama. Mabeki wa Tampa wakacheza na Gannon wa kuigiza kabla ya kukutana na Gannon mwenyewe. Siku ya mechi, beki John Lynch alikuwa amevalishwa kinasa sauti, na anasikika akiwaambia wenzake kwa furaha kwamba hawa jamaa wanapiga mashambulizi yaleyale waliyoyafanyia mazoezi. Gannon alinaswa pasi 5. Tatu kati ya hizo mabeki walikimbia nazo mpaka mwisho wa uwanja na kufunga. Tampa 48, Oakland 21.

Ni rahisi kuwalaumu Raiders kwa uvivu. Kwa nini hawakubadili maneno? Lakini lugha ya timu ni kama lugha ya nyumbani. Mwili unaijibu kabla akili haijaamka. Mwambie mama wa nyumba siku ya Jumatatu kwamba kuanzia leo sukari itaitwa chumvi, halafu njoo Jumapili unywe chai yake. Mchezaji wa mstari wa mbele anayetakiwa kuamua kwa nusu sekunde aende kulia au kushoto hana nafasi ya kutafsiri. Raiders walishinda mechi nyingi mwaka ule kwa sababu wachezaji waliyajua maneno yao mpaka mifupani. Walipofika San Diego, ujuzi huohuo ukawa mlango wazi.

Hapo kulikuwa na mtu aliyeondoka na funguo. Mara nyingi hakuna mtu kama huyo. Timu hujiuza yenyewe, polepole, bila kujua.

Mwaka 2009 wachumi wawili, Kenneth Kovash na Steven Levitt, walichapisha utafiti juu ya maamuzi ya wanamichezo wa kulipwa. Kwa upande wa futiboli walipitia zaidi ya majaribio 125,000 ya NFL. Walikuta mambo mawili. La kwanza, timu zilikuwa zinarusha mpira mara chache kuliko ilivyowafaa. La pili ndilo la mazungumzo haya: makocha walikuwa wanapokezana. Aliyetoka kurusha alielekea kukimbiza, aliyetoka kukimbiza alielekea kurusha, na mwelekeo huo ulizidi pale jaribio lililopita liliposhindwa. Wachumi hao walikadiria kwamba kurekebisha makosa haya kungeweza kuiongezea timu zaidi ya nusu ushindi kwa msimu. Nusu ushindi unaonekana mdogo, lakini msimu wa wakati huo ulikuwa na mechi 16 tu, na kila mwaka kuna timu zinazokosa mchujo kwa mechi moja.

Tazama jambo lenyewe kwa karibu. Jaribio la kwanza, yadi 10. Kwotabeki anarusha, mpira unagusa nyasi. Sasa ni jaribio la pili, yadi bado 10. Mashabiki wananung'unika. Kocha anasikia sauti ndani ya kichwa chake ikimwambia atulize mambo, arudishe yadi chache, asije akapoteza mbili mfululizo. Anaita mkimbiaji. Lakini sauti hiyo haiko kichwani mwake peke yake. Iko kichwani mwa kila kocha, kwa hiyo beki wa upande wa pili anaisikia pia. Anasogea mbele hatua mbili. Mkimbiaji anapata yadi 3 na mbavu zinazouma. Jaribio la tatu, yadi 7. Hapo uwanja mzima unajua kwamba mpira utarushwa, mpaka muuza vinywaji anajua. Walinzi wanaacha kabisa kumwangalia mkimbiaji, wanamwelekea kwotabeki kama nyuki waliochokozwa. Kocha alitaka usalama kwenye jaribio la pili, akajinunulia hatari kwenye la tatu.

Chanzo cha kupokezana huko kiko ndani ya ubongo wa kila mtu. Mwambie mtoto wa shule aandike daftarini matokeo ya kurusha shilingi mara 50, bila kuirusha kweli, abuni tu. Ataandika kichwa, mwenge, kichwa, kichwa, mwenge. Ni nadra sana athubutu kuandika kichwa mara tano mfululizo, ingawa shilingi halisi hufanya hivyo bila haya. Binadamu akitaka kuonekana hana utaratibu, hubadilisha upesi mno, na kubadilisha upesi ni utaratibu pia. Kwa hiyo kocha anayejitahidi asitabirike, kwa kutumia hisia zake tu, hutabirika kwa namna ambayo yeye hawezi kuiona.

Wapenzi wa kandanda wana kisa chao cha jamaa hiyo. Berlin, tarehe 30 Juni 2006, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani na Argentina wamefikia penalti. Kipa Jens Lehmann alikuwa na kikaratasi cha hoteli ndani ya soksi yake, kimeandikwa kwa penseli na kocha wa makipa Andreas Köpke: huyu hupiga kulia, yule husubiri kipa aruke. Alipofika Esteban Cambiasso, Lehmann alikitoa, akakitazama kwa muda mrefu, akakirudisha. Jina la Cambiasso halikuwemo kwenye kikaratasi. Yeye hakulijua hilo. Alitembea kuelekea mpira akiamini kwamba tabia yake imeandikwa, akapiga, Lehmann akaupangua. Ujerumani wakapita.

Kocha Bill Walsh aliijua hofu hiyo ya kusomwa na akaitafutia dawa. Tangu akiwa msaidizi wa Paul Brown kule Cincinnati alianza kuandika mashambulizi ya mwanzo wa mechi kabla ya mechi yenyewe, na alipokuwa kocha wa San Francisco 49ers orodha hiyo ilifika 25. Aliyapanga kabla ya siku ya mechi, akiwa ofisini, ametulia. Hoja yake ilikuwa ya unyenyekevu mkubwa: alijua kwamba yeye mwenyewe, akiwa pembeni ya uwanja, mvua inanyesha na timu iko nyuma, atakuwa mtu mwenye akili finyu kuliko yule aliyeketi ofisini. Basi yule wa ofisini akamwachia maagizo. Orodha haikujali kama pasi ya kwanza imeanguka. Kama ya pili iliandikwa pasi, kwa kawaida ilirushwa pasi. Walsh alitwaa Super Bowl 3 na 49ers, na leo karibu kila kocha wa ligi ana orodha ya ufunguzi. Timu nyingi hung'ara kwenye mashambulizi hayo ya mwanzo kisha hufifia karatasi inapokwisha, na sababu mojawapo ni hiyo: karatasi ikiisha, mazoea hurudi kazini.

Hapa lazima mazungumzo yasimame kidogo, kwa sababu kuna mashabiki watakaouliza: je, kujulikana ni dhambi kila mara? Mbona Vince Lombardi alijulikana?

Ni kweli, na ni swali zuri. Lombardi aliifundisha Green Bay Packers kuanzia mwaka 1959 hadi 1967, akatwaa ubingwa mara 5, zikiwemo Super Bowl 2 za kwanza. Shambulio lake kuu lilikuwa moja, na Marekani nzima ililijua. Walinzi wawili wa mstari wa mbele, Jerry Kramer na Fuzzy Thurston, waliacha nafasi zao na kukimbilia pembeni kama malori mawili yanayofuatana, na nyuma yao akaja Paul Hornung au Jim Taylor na mpira. Hakukuwa na hila ya kuficha kinachokuja. John Madden, ambaye baadaye naye alitwaa ubingwa kama kocha na kuwa mtangazaji mashuhuri, alisimulia kwamba akiwa kocha kijana alikwenda kumsikiliza Lombardi akifundisha huko Reno. Lombardi alizungumza saa 8 juu ya shambulio hilo moja.

Saa 8 za nini? Jibu liko kwa mchezaji mmoja wa pembeni, Ron Kramer, aliyepewa kazi ya kumzuia beki wa mbele yake. Hakuambiwa amsukume upande fulani. Aliambiwa amsukume kuelekea kokote ambako beki mwenyewe anataka kwenda. Beki akikimbilia nje, anasindikizwa nje, na mkimbiaji anakata ndani. Akibana ndani, anabanwa hukohuko, na mkimbiaji anazunguka nje. Mlinzi aliruhusiwa kuchagua, na kila alichochagua kilikuwa kosa. Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo mashabiki wengi huiruka wanapopiga kelele kwamba kocha wao anatabirika. Shambulio la Lombardi lilijulikana jina, lakini jibu lake lilikuwa bado halijaandikwa. Liliandikwa na mpinzani, katikati ya mbio. Pasi inayofuatiwa na mkimbiaji kila siku ya Mungu inajulikana jina na jibu.

Philadelphia Eagles wa miaka hii nao wana la kwao. Ikibaki yadi 1, kwotabeki Jalen Hurts anajibana nyuma ya mstari wake, wenzake wawili au watatu wanamshika nyuma, mpira unaachiwa, wote wanasukuma. Hakuna anayedanganywa. Msikilizaji wa Nairobi anayefuata raga ataiona skramu mara moja, na hatakosea: Eagles walimwita kocha wa raga kutoka Scotland, Richie Gray, awasaidie kuelewa miili inavyosukumana, na katika mstari wao yumo Jordan Mailata, jitu la Australia lililocheza raga ya ligi kabla ya kuvaa kofia ngumu. Raga na futiboli hii zimebadilishana watu kwa muda mrefu. Wakenya wanamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013.

Mwezi Mei 2025 wamiliki wa klabu walipigia kura pendekezo la kuupiga marufuku msukumo huo. Walioleta pendekezo walikuwa Green Bay Packers, klabu ambayo sifa yake ilijengwa juu ya shambulio lililojulikana na kila mtu. Hoja zilikuwa usalama wa wachezaji na mwendo wa mchezo. Klabu 22 ziliunga mkono, 10 zikakataa, na kwa kuwa zilihitajika 24, pendekezo likaanguka. Ilikuwa haki lianguke. Wachezaji 11 wanaotangaza watakachofanya kisha wakakifanya hawajamwibia mtu. Mwenye kuudhika na asukume zaidi.

Lakini kuna usiku mmoja ambao unachanganya hesabu hizi zote, na huzungumzwa vibaya mpaka leo. Glendale, Arizona, tarehe 1 Februari 2015. New England Patriots 28, Seattle Seahawks 24. Seattle wana mpira yadi 1 kutoka kwenye mstari wa kufunga, jaribio la pili, sekunde 26 zimebaki. Nyuma ya kwotabeki Russell Wilson amesimama Marshawn Lynch, mkimbiaji ambaye kumwangusha kulihitaji watu watatu na dua. Jaribio lililotangulia alikuwa amepata yadi 4. Dunia nzima inasubiri apewe mpira tena. Seattle wakarusha, mpira ukanaswa, ubingwa ukaenda.

Tangu hapo lawama ni moja: wangekimbiza. Kocha Pete Carroll aliitwa kila jina. Lakini hesabu yake haikuwa ya kijinga. Alikuwa na muda mfupi na nafasi moja tu ya kusimamisha saa, na pasi inayoanguka husimamisha saa yenyewe, ikimwachia majaribio mawili mengine. Msimu wote ule hakuna pasi nyingine iliyorushwa kutoka yadi 1 iliyokuwa imenaswa. Carroll alikwepa jambo lililotarajiwa, kama washauri wote wa kutotabirika wanavyosema.

Kilichomponza kilionekana kabla mpira haujaachiwa. Patriots waliona Seattle wakiingiza wapokeaji watatu, nao wakaingiza mabeki watatu wa pembeni. Wa tatu alikuwa Malcolm Butler, kijana wa msimu wa kwanza kutoka chuo cha West Alabama, ambaye hakuna klabu iliyomchagua kwenye uteuzi wa vyuo na ambaye aliwahi kuuza kuku wa kukaanga ili ajikimu. Upande wa kulia Seattle wakapanga wapokeaji wawili, mmoja nyuma ya mwenzake: Jermaine Kearse mbele, Ricardo Lockette nyuma. Brandon Browner, beki wa Patriots aliyekuwa Seattle mpaka mwaka uliotangulia, akautambua mpangilio. Akamwelekeza Butler kwa mkono arudi nyuma kidogo, yeye akasimama uso kwa uso na Kearse.

Butler naye aliujua. Alisimulia baadaye kwamba mazoezini, wiki hiyohiyo, wachezaji wa akiba walioigiza Seattle walimfunga kwa shambulio hilihili. Alizunguka nyuma ya mtu badala ya kupita mbele, akachelewa, na kocha Bill Belichick akamwambia lazima awahi. Sasa angalia miguu. Mpira unaachiwa. Browner anamkamata Kearse kifuani, hasogei hata hatua, kwa hiyo njia iliyotakiwa kuzibwa iko wazi. Butler anamwona Wilson akigeuza shingo, anapiga hatua moja, ya pili, na hafuati mtu tena, anafuata mahali. Anafika pale Lockette anapotakiwa kufika, kabla yake kidogo tu. Ulikuwa mpira wake wa kwanza kunasa katika ligi.

Kwa hiyo Seattle walifanikiwa kuficha aina ya shambulio na wakashindwa kuficha shambulio lenyewe. Walibadilisha neno, wakabaki na lafudhi. Mashabiki wanaoendelea kubishana kama ilikuwa sahihi kurusha au kukimbiza wanabishana juu ya nusu ndogo ya jambo. Pasi nyingine, kutoka mpangilio ambao Browner hajawahi kuuona, huenda ingeacha jina la Butler bila kujulikana.

Patriots haohao, miaka minne baadaye, walikutana na timu iliyojaribu kuishinda tabia kwa njia ya kinyume. Los Angeles Rams wa msimu wa 2018 walifunga zaidi ya pointi 500. Kocha wao Sean McVay, aliyekuwa na miaka 33 tu siku ya fainali, hakubadilisha mipangilio, aliipunguza. Karibu kila shambulio lilianza na wapokeaji watatu waliobanana karibu na mstari, kwa sura moja, halafu kutoka sura hiyo zikatoka mbio na pasi za kila aina. Ilikuwa akili kubwa: ukifanana na nafsi yako kila mara, umbo lako halisemi kitu. Zaidi ya hapo, Rams walijipanga haraka, redio ikiwa bado hai, ili McVay ayaone mabeki walivyosimama na kumnong'oneza kwotabeki wake Jared Goff la kufanya.

Tabia haikufa, ilihama tu. Sasa ilikuwa kwenye saa. Mwezi Desemba Chicago Bears walikuwa wameshaonyesha njia, wakawabana Rams kwa pointi 6 na kumnasa Goff pasi 4. Kwa fainali ya Atlanta, tarehe 3 Februari 2019, iliripotiwa baadaye kwamba Patriots walipeana mipango miwili kabla ya kujipanga: mmoja wa kuonyesha redio ikiwa inasikika, mwingine wa kuugeukia sekunde 15 zikifika. McVay alikuwa anamsomea kijana wake ukuta ambao ungebomolewa na kujengwa upya mara tu sauti inapokatika. Mwenyewe alikiri usiku ule kwamba alizidiwa na makocha wa upande wa pili.

Rams walipata pointi 3 tu mechi nzima. Zikiwa zimebaki dakika 4 na ushei, wako nyuma 10 kwa 3, mpira ulikuwa yadi 27 kutoka kwenye mstari wa Patriots. Shambulio moja lingeweza kusawazisha. Patriots walituma watu wengi kuliko walioweza kuzuiwa. Goff alirudi nyuma, akarudi tena, akaurusha mpira juu kuelekea kona alikokuwa akikimbilia mpokeaji wake, Brandin Cooks. Kule kwenye yadi ya 4, beki wa Patriots, Stephon Gilmore, alikuwa ameshageuka, ametulia, mikono juu, kama kipa anayesubiri krosi iliyopigwa moja kwa moja kwake.